Kutoka Igandu hadi Mlimba: kwa nini treni hurudi nyuma

Igandu haiko katika bonde la Kilombero. Iko mkoani Dodoma, kwenye Reli ya Kati, na reli inayopita Ifakara, bondeni Kilombero, ni nyingine kabisa, ya TAZARA, ile iendayo Zambia. Hata hivyo, anayetaka kujua treni inayobeba watu wa Mang'ula, Ifakara na Mlimba inaweza kuua kwa njia gani, aanzie Igandu. Alfajiri ya Juni 24, 2002, treni ya Shirika la Reli Tanzania iliyoondoka Dar es Salaam jioni ya siku iliyotangulia, ikiwa na abiria zaidi ya 1,200, ilipata tatizo la breki ikiwa mlimani. Ikaanza kurudi nyuma. Ilishuka mteremko ikizidi kushika kasi, wengi wa abiria wakiwa usingizini, hadi ikagongana na treni ya mizigo iliyokuwa ikija nyuma yake kwenye reli hiyohiyo. Watu 281 walikufa. Ni ajali ya treni iliyoua watu wengi kuliko zote katika historia ya Tanzania. Rais Benjamin Mkapa alitangaza maombolezo ya kitaifa, na marehemu waliokosa kutambuliwa wakazikwa kwa pamoja mjini Dodoma.

Tangu siku ile jibu linalotolewa ni moja: breki zilifeli. Si jibu la uongo, ila ni fupi mno. Breki hufeli kila siku mahali fulani duniani, na kwa kawaida matokeo yake ni treni kuchelewa na abiria kunung'unika. Kinachohitaji kuelezwa ni kwa nini hitilafu moja ilitosha kuua watu 281. Kati ya hitilafu na kifo panapaswa kuwa na vizuizi kadhaa, na kila kimoja kina mtu, kifaa au kanuni inayohusika nacho. Tukisema "breki" na kunyamaza, vizuizi vingine vyote vinapona bila kuhojiwa.

Mwaka 2002 ulikuwa mwaka mbaya kwa reli za Afrika. Februari 20 moto uliwaka ndani ya treni iliyojaa karibu na Al-Ayyat nchini Misri, ukaua zaidi ya watu 360. Mei 25, mwezi mmoja kabla ya Igandu, karibu watu 200 walikufa Tenga nchini Msumbiji, si mbali na Maputo. Tenga inashtua kwa jinsi inavyofanana na ajali yetu. Treni ilikuwa na mabehewa ya abiria na ya mizigo pamoja. Ilipopata hitilafu kwenye mteremko, mabehewa ya abiria yalitenganishwa na yale ya mizigo, yakategwa kwa mawe yasiserereke. Mawe hayakuhimili. Mabehewa yakaanza kuteremka na kwenda kuyagonga ya mizigo.

Mawe hayo yana historia ndefu. Juni 12, 1889, karibu na mji wa Armagh, Ireland, treni iliyobeba watoto wa shule ya Jumapili wakienda matembezi ilishindwa kupanda mlima. Wafanyakazi wakaamua kuikata vipande viwili, kipande cha mbele kivutwe kwanza na cha nyuma kibaki kimetegwa kwa mawe. Injini ilipojaribu kuondoka ilirudi nyuma kidogo, ikayasukuma mabehewa yaliyobaki, nayo yakayaponda mawe na kurudi nyuma. Treni nyingine ilikuwa tayari imeruhusiwa kufuata, kwa kuhesabu dakika tu tangu ya kwanza ilipoondoka. Watu 80 walikufa, wengi wao watoto. Kabla mwaka haujaisha Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyolazimisha, pamoja na mengine, mambo mawili kwa treni zote za abiria: breki inayofunga yenyewe katika kila behewa, na kanuni kwamba treni haingii kwenye kipande cha reli mpaka ithibitishwe kuwa kipande hicho ni kitupu. Kati ya Armagh na Igandu imepita miaka 113.

Tuiangalie breki yenyewe, maana wengi tunapanda treni bila kujua inasimamishwaje. Breki ya upepo ilibuniwa na Mmarekani George Westinghouse, na ile iliyookoa maisha ni toleo lake la pili, la miaka ya 1870. Katika toleo la kwanza dereva alipeleka upepo kwenye mabehewa ili kufunga breki, kwa hiyo bomba likipasuka hakuna breki. Toleo la pili liligeuza mambo: upepo ulio ndani ya bomba ndio unaozuia breki zisifunge, na kila behewa lina mtungi wake wa akiba. Bomba likipasuka au mabehewa yakikatika, upepo unatoka na breki zinajifunga zenyewe. Ni ubunifu wa hali ya juu, na ndiyo maana watu wa reli wakisikia "breki zilifeli" huuliza mara moja: zilifeli vipi, wakati zimetengenezwa zikiharibika zijifunge?

Zipo njia chache, na zote zinajulikana. Kati ya behewa na behewa kuna koki ya kufungulia na kufungia upepo. Koki moja ikiachwa imefungwa, mabehewa yote yaliyo nyuma yake hayasikii tena mkono wa dereva. Ndivyo ilivyokuwa Paris, katika stesheni ya Gare de Lyon, Juni 27, 1988: baada ya treni kusimamishwa kwa breki ya dharura, dereva alipokuwa akihangaika kuiondoa tena alifunga koki bila kutambua, akaondoka na treni iliyokuwa na breki sehemu ndogo tu. Watu 56 walikufa. Njia ya pili ni mitungi kuvuja polepole. Treni iliyosimama mlimani kwa breki ya upepo peke yake haijasimama milele, maana upepo wa mitungi ukipungua, breki nazo zinalegea. Ndiyo sababu kanuni za reli duniani kote zinataka treni ikikwama mlimani zifungwe breki za mkono, behewa moja baada ya jingine, na magurudumu yawekwe kabari. Hiyo ni kazi ya mikono, inayofanywa gizani kando ya tuta la kokoto, na inahitaji watu wa kutosha na breki za mkono zinazofanya kazi. Njia ya tatu ni joto: kwenye mteremko mrefu, breki zikikandamiza magurudumu muda mrefu zinachoka, na dereva akifunga na kufungua mara kwa mara anamaliza upepo kabla kompresa haijarudisha.

Hesabu yake si ngumu. Mteremko wa mita 2 kwa kila mita 100 mtu anayetembea kwa miguu hauoni kama mlima. Lakini treni isiyo na breki kwenye mteremko huo huongeza kasi kiasi cha kufikia karibu kilomita 40 kwa saa katika dakika ya kwanza, na karibu mara mbili ya hapo katika dakika ya pili. Dereva aliyeshuka kukagua mabehewa ana sekunde chache tu za kurudi, na hata akirudi, hana la kushika.

Sasa tuje bondeni. TAZARA ina urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kwa mkopo wa China usio na riba kuanzia 1970, na ikakabidhiwa rasmi kwa Tanzania na Zambia Julai 1976. Kuanzia Kidatu reli inafuata miguu ya milima ya Udzungwa, inapita mashamba ya miwa, Mang'ula, Kiberege, inafika Ifakara, kisha inaambaa na mashamba ya mpunga kupitia Mbingu na Mngeta hadi Mlimba. Mpaka hapo ni tambarare. Ifakara iko chini ya mita 300 kutoka usawa wa bahari. Kisha reli inaukabili ukuta. Makambako, kilomita kama 157 kutoka Mlimba, iko zaidi ya mita 1,600 juu. Kipande hicho ndicho kilichowatesa wajenzi kuliko kingine chochote: mahandaki mengi ya TAZARA yako hapo, pamoja na madaraja marefu kama la Mpanga. Injini za kwanza zilizoletwa kutoka China zilionekana kukosa nguvu kwenye mwinuko huo, na katika miaka ya 1980 zikanunuliwa za General Electric za Marekani.

Huwa tunasifia uhandisi wa kupanda. Hatari kubwa iko kwenye kushuka. Mzigo mzito wa reli hii, shaba ya Zambia na ya Kongo, unakwenda bandarini, maana yake treni nzito kuliko zote ndizo zinazoteremka kutoka Makambako zikija Mlimba. Treni za abiria nazo hupanda na kushuka kwenye reli hiyohiyo moja, zikipishana na za mizigo stesheni kwa stesheni. Mazingira ya Igandu, yaani mlima, reli moja, abiria na mizigo pamoja, yote yapo hapa, na mlima wa hapa ni mrefu zaidi.

Inakuwaje basi TAZARA haijapata Igandu yake? Sifa kubwa iende kwa waliojenga na kwa madereva, magadi na mastesheni masta walioiendesha kwa nidhamu katika miaka ya shida. Ila kuna sababu nyingine isiyosemwa hadharani: treni zimekuwa chache. Mwishoni mwa miaka ya 1970 reli hii ilibeba zaidi ya tani milioni 1.2 za mizigo kwa mwaka. Mwaka wa fedha 2014/15 ilibeba tani 88,000 tu, katika kipindi ambacho wafanyakazi waligoma wakidai mishahara ya miezi. Ili treni zigongane lazima ziwe mbili. Reli ikiwa tupu, hata kosa kubwa hukosa wa kugongana naye. Usalama wa namna hiyo haukutokana na mpango wowote, na hauwezi kudumu.

Septemba 2024, mjini Beijing, Tanzania, Zambia na China zilitia saini hati ya makubaliano ya kuifufua TAZARA. Watu wa Kilombero wana kila sababu ya kufurahi. Kwa miongo mingi treni ya kawaida, ile inayosimama kila stesheni, ndiyo iliyobeba mchele, ndizi, kuku na wachuuzi wao. Mwanahistoria Jamie Monson ameandika kitabu kizima, kilichotoka 2009, akionyesha jinsi biashara ndogondogo na makazi ya watu vilivyoota kando ya reli hii. Barabara ya lami kutoka Kidatu imerahisisha safari za Ifakara, lakini kwa anayeishi Mlimba na vijiji vya juu yake, treni bado haina mbadala wa kweli.

Lakini kufufua reli maana yake ni kuongeza treni, na kwenye reli moja hesabu ya hatari haipandi sawasawa na idadi ya treni. Ukiongeza treni mara mbili kila upande, idadi ya mapishano inaongezeka mara nne. Kila pishano ni uamuzi: nani asubiri, wapi, na nani amethibitisha kwamba reli ya mbele ni tupu. Februari 28, 2023, katika bonde la Tempi nchini Ugiriki, treni ya abiria na ya mizigo zilikwenda uso kwa uso kwenye reli moja kwa dakika 12 bila mtu kutambua, ingawa pale reli zilikuwa mbili. Watu 57 walikufa. Stesheni masta ndiye aliyekosea kupanga njia, na ndiye aliyekamatwa kwanza. Ila mkataba wa kufufua mfumo wa ishara katika reli ile ulikuwa umesainiwa tangu 2014, na kazi haikuwa imekamilika. Ugiriki ni nchi ya Umoja wa Ulaya. Pesa ilikuwepo.

Hapa Tanzania tunao mfano wa kinyume chake, na uko karibu. Reli mpya ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024 na kufika Dodoma mwezi uliofuata, imejengwa ikiwa na mfumo wa Ulaya wa kudhibiti treni ambao hufuatilia kasi na mahali treni ilipo, na kuifunga breki dereva asipotii. Abiria wa Dodoma analindwa na mfumo huo. Abiria wa Mlimba analindwa na umakini wa mwanadamu. Sidai kwamba TAZARA ifungiwe kila kifaa cha SGR kesho asubuhi, gharama zake nazielewa. Ninachosema ni kwamba pesa ya kufufua reli isiishie kwenye injini na mabehewa ambayo mgeni rasmi anaweza kuyakatia utepe, ikasahau vitu visivyopigwa picha.

Kimojawapo cha vitu hivyo hakihitaji kompyuta. Ishara na simu humzuia dereva anayetii, lakini treni inayorudi nyuma bila breki haina wa kutii. Kinachoizuia ni chuma na udongo: kipande cha reli kinachochepuka kutoka njia kuu chini ya mteremko, kikapanda kilima au kuishia kwenye rundo la mchanga, ili treni iliyoshindikana ielekezwe huko badala ya kwenda kukutana na nyingine. Reli za milimani zimekuwa navyo tangu karne ya kumi na tisa. Mabehewa yatavunjika, pengine watu wataumia, lakini hayatagonga treni iliyojaa.

Maji nayo ni suala zito. Kilombero ni bonde la mafuriko. Mito inashuka kutoka Udzungwa ikiwa na mawe na magogo, inapita chini ya reli kwenye makalvati na madaraja yaliyopimwa nusu karne iliyopita, wakati milimani kulikuwa na miti mingi zaidi na bondeni mashamba machache. Usiku wa kuamkia Januari 30, 1993, huko Ngai Ndethya nchini Kenya, treni ya kutoka Mombasa kwenda Nairobi ilifika kwenye daraja lililosombwa na mto, ikatumbukia, na zaidi ya watu 100 wakafa. Dereva hakuwa na namna ya kujua. Anayejua ni mtu wa genge, yule anayetembea kwa miguu kando ya reli akikagua mataruma na kokoto. Mtu huyo ndiye wa kwanza kupunguzwa bajeti ikibana, kwa kuwa kazi yake ikifanyika vizuri hakuna kinachotokea.

Kuhusu makutano ya reli na barabara sitasema mengi: Kidatu hadi Ifakara pikipiki, matrekta ya miwa na malori ni mengi kuliko zamani, na mahali pengi kinga ni kibao tu.

Halafu kuna uokoaji. Kati ya Mlimba na Makambako sehemu kubwa ya reli haina barabara inayoandamana nayo. Ajali ikitokea huko usiku, msaada utakuja kwa reli hiyohiyo iliyozibwa na mabehewa. Hospitali kubwa ya upande wa bondeni ni ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara. Mwenye kupanga safari za mizigo mizito kwenye mlima huo anapaswa kuwa na jibu la majeruhi wa kwanza anafikaje Ifakara, na baada ya saa ngapi.

Sheria hazikosekani. Baada ya mamlaka ya awali ya usafiri, SUMATRA, kuvunjwa, LATRA iliundwa kwa sheria ya 2019 kusimamia usafiri wa ardhini, reli zikiwemo. TAZARA nayo ni mamlaka ya nchi mbili, yenye sheria yake na wamiliki wawili wenye hisa sawa, na akiongezeka mwendeshaji wa tatu chini ya makubaliano mapya, itakuwa rahisi kila mmoja kumwonyesha mwenzake kidole. Ieleweke mapema nani anakagua breki kabla treni haijaondoka Makambako, nani ana mamlaka ya kuizuia isiondoke, na nani anachunguza ajali akiwa si mmoja wa wanaochunguzwa. Uingereza ina idara huru ya kuchunguza ajali za reli tangu 2005, na ripoti zake kila mtu anazisoma, mpaka dereva mwanafunzi. Kwetu ripoti za ajali za reli humfikia msomaji wa kawaida kwa nadra sana, na matokeo yake ni kwamba kijana anayesomea udereva wa treni anaijua Igandu kwa masimulizi.

Wabunge wa Kilombero na Mlimba wana jambo la kufanya kabla injini mpya hazijawasili. Waombe orodha ya mahali treni iliyoshindikana itakapozuiwa kati ya Makambako na Mlimba. Waulize ni breki ngapi za mkono zinazofanya kazi katika mabehewa yanayobeba abiria leo, na ni watu wangapi wa genge waliobaki kati ya Kidatu na Mlimba ikilinganishwa na waliokuwepo miaka ishirini iliyopita. Wadai majibu kwa maandishi, na wayasome hadharani kwenye mikutano ya Ifakara, Mngeta na Mlimba, mbele ya watu watakaopanda treni hizo.